Ukurasa Uliobanwa kwa Pini

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea weka mkasi chini, maana nakujua, unasoma barua huku unakata kitambaa cha watu, halafu kesho mtu anavaa gauni lina tundu la habari zangu. Mimi mzima. Nakula, nalala, nimeongezeka uzito na uzuri, ingawa uzuri ulikuwapo tangu zamani. Msalimie Bibi, umwambie goti lake nimeliota juzi, lilikuwa linapanda ngazi peke yake, yeye amebaki chini analitukana. Na yule jirani aliyenenepa kabla ya kuja kuchukua gauni lake, bado anasema ulimwibia kitambaa?

Barua hii nimempa dereva wa lori la sponji, anapita kwenu kila wiki mbili. Simu siitaki. Wewe ukipokea simu unaiweka mezani, sauti juu, na wateja wanachangia. Ya leo si ya wateja.

Kazini nimepanda cheo. Mzee Sponji, bosi wangu, amechoka kuniona nabeba tu, sasa nashona makochi. Nashona kwa mkono ule ule ulionifundisha, mshono wa kwenda mbele na kurudi nyuma, na nakwambia kochi lina adabu ambayo wateja wako hawana: halijawahi kulalamika kwamba linabanwa bega.

Sasa lenyewe. Mwaka jana mwishoni tulipata kazi ya kutengeneza viti vya ukumbi mmoja wa maigizo, viti mia mbili na kumi, vingine panya wamezalia humo wajukuu. Mimi nipo safu ya tatu, kichwa chini ya kiti, misumari mdomoni. Jukwaani kuna jamaa anaigiza maisha yake, peke yake. Peke yake kabisa, shangazi. Hakuna mfalme, hakuna mwizi, hakuna wa kumjibu. Anamlilia baba yake aliyewahama. Nikatema misumari, nikacheka. Mwanamke anayewafundisha tunamwita Mama Miwani, kwa sababu ana miwani machoni, nyingine kichwani, na muda wote anatafuta ya tatu. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia huyo jamaa hajui kuachwa, mimi niliachwa vizuri kuliko yeye. Akasema, basi panda.

Nikapanda na nyundo mkononi. Nikawasimulia baba alivyonileta kwako nina miaka mitano na mfuko wa nailoni, akasema anarudi Ijumaa, ila hakusema Ijumaa ya mwaka gani. Wakacheka. Mmoja akafuta macho. Tangu siku hiyo mimi ni msanii, na ukimwona mtu anabisha mlete. Nimepewa onyesho langu, saa nzima, mimi na kiti kimoja, Jumamosi tatu kuanzia tarehe 29 Juni.

Mama Miwani ana sheria moja tu. Kila mtu anapewa chaki, anachora mstari sakafuni. Upande huu ni maisha yako, sema utakavyo. Upande wa pili ni ya wengine, hata kama yanakuuma wewe, na mguu haupiti. Wenzangu wamechora katikati. Mimi nimechora kule ukutani, pamebaki nafasi ya mende mmoja mwembamba. Nikasema mimi sina la kuficha, na ndugu zangu watazoea.

Ndiyo maana nakuandikia. Nakuweka ndani ya onyesho, sehemu ya nguo. Unakumbuka yale mashati yangu? Wewe fundi ambaye mtu mwenye bega la kupinda anakuja kwako, anatoka amenyooka. Lakini mimi wa nyumbani bega linabana, kifua kinabana, mikono ya shati mirefu mpaka nikiinua mkono darasani kiganja hakionekani. Si ndiyo wakaniita Mikono? Nikisimulia hapo watu wanashika mbavu. Nataka shati kama yale, la ukubwa wangu wa sasa. Fungua daftari lako la vipimo, tafuta ukurasa wangu, ongeza panapostahili, unitumie.

Mwanao wa kuletewa,
Mikono


Tarehe 24 Februari

Mikono,

Marahaba. Tumeipata barua. Bibi amesomewa mara mbili, ya goti akacheka, ya baba yako akauliza saa. Umeme ulikatika siku nne, nikashonea nje kwa cherehani ya mguu. Jirani amelichukua gauni. Halikuwa limeibiwa kitambaa, ni yeye alikuwa ameibiwa kiuno.

Nimefurahi kusikia unashona. Kaza uzi lakini usiuvute.

Hilo lingine nimelisikia. Kaka yangu mseme utakavyo. Mtu akiacha mtoto mlangoni kwa watu amejitangaza mwenyewe, huhitaji ruhusa ya mtu. Ila mimi na nguo zangu utuache. Kinyozi hajinyoi, basi, ndiyo habari yote ya mashati, haina kichwa wala mkia, na haiwatoshi watu wa saa nzima. Shati sishoni, nina sare za shule mbili za watoto wa watu.

Nakuambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Siku utakayonisimamisha mbele ya watu, mimi au kazi ya mikono yangu, usiniandikie tena.

Shangazi yako


Tarehe 9 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ya kupoza moto. Nimeisoma barua yako nimesimama, maana ilikuwa na joto. Huku tuko salama. Mzee Sponji ameng'oka jino akalipeleka nyumbani kwenye kiberiti kumwonyesha mkewe kwamba kweli alikuwa anaumwa. Bibi mwambie simsemi vibaya mwanawe, namsema alivyo, na kama hayo ni mabaya si mimi niliyeyafuma.

Sasa tuongee kikubwa. Umejibu kila kitu isipokuwa kimoja. Goti umejibu, jirani umejibu, mpaka uzi umejibu. Ukurasa wangu hukuutaja.

Unasema nguo ni zako. Nani kakwambia? Ulizishona wewe, sawa. Lakini zilikuwa juu ya mgongo wangu. Aliyekuwa hawezi kurusha mpira kwa sababu kwapa limebana ni mimi. Aliyepewa jina na darasa zima ni mimi. Darasa lenyewe nililikimbia kidato cha pili, lakini jina lilinifuata mpaka huku, Mzee Sponji analiita kana kwamba kalitunga yeye.

Na unajua nilivyokuwa najisifu? Kila shule zikikaribia kufunguliwa wenzangu walipelekwa kwa mafundi kupimwa. Mimi hukunipima hata mara moja. Unaniangalia tu, kidogo, halafu unaangalia pembeni, unafungua daftari, unakata. Nikawa nawatambia wenzangu kwamba shangazi yangu ana inchi machoni, tepu ni ya wanafunzi. Nguo ikija inabana, nikawa nasema kosa ni la mwili wangu, umekataa kufuata. Nimeutetea mkasi wako mpaka nikapigana, shangazi. Tena na mtu mkubwa.

Kwa hiyo nitalisema. Nakuambia usoni, kwa maandishi, nisije nikaitwa msengenyaji. Ukiniletea shati nitalisema nimelivaa, usiponiletea nitalisema nimevaa gunia. Chagua lipi litakutia aibu zaidi.

Mikono


Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita. Dereva anaapa alikukabidhi mkononi, ukampa maji, ukamuuliza hali ya barabara, ukarudi kwenye cherehani. Anasema ulishona bila uzi. Alisikia sindano inatoboa tu, akadhani unajaribu mashine.

Kama umeniacha, niambie na siku, isiwe kama kaka yako.

Mazoezi yanaendelea. Mama Miwani anasema sehemu ya baba nimeiva, sehemu ya nguo nachekesha lakini nakimbia. Nikamuuliza nakimbia nini. Akasema hajui, ila kila nikifika hapo naongea haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Nimemwambia mimi siogopi mbwa.

Bibi vipi? Goti nasikia limevimba. Mpakeni kitu.

Mikono


Tarehe 4 Mei

Mikono,

Bibi anatembea. Anashika ukuta lakini anatembea.

Shati hilo hapo. Livae, wacheke wanyamaze. Nimeshona tundu za vifungo kwa mkono. Sasa umepata ulichotaka, basi jina langu na kazi yangu visitoke mdomoni mwako. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia msemo huo, sikujua ni wewe.

Shangazi


Tarehe 18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hapa kwetu wazima wote. Mzee Sponji ametia jino jipya, anacheka hata pasipo na kichekesho.

Shati limefika. Kabla sijaenda mbali niseme hili kama fundi kwa fundi: ni zuri. Kola imekaa, pindo limenyooka kama mstari wa rula, tundu za vifungo zingefaa kuwekwa kwenye kioo. Nililipeleka mazoezini kwa maringo, nikalivaa mbele ya wenzangu wote. Mimi sasa ni mtu wa kubeba makochi, shangazi, mgongo umejaa. Nikafunga kifungo cha kwanza, nikafunga cha pili, nikavuta pumzi nianze kusema, likapasuka mgongoni kuanzia kola mpaka katikati. Mikono ya shati imenifika vidoleni, mgongo uko wazi. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mama Miwani hakucheka. Alilivua mwilini mwangu taratibu, akashusha miwani ya kichwani, akaligeuza ndani nje, akaupitisha mshono vidoleni. Kumbe mama yake alikuwa fundi. Akaniambia hivi: "Aliyelishona hili hajakosea hata inchi. Limepimwa. Lina mtu wake. Nenda kamuulize ni nani."

Nikamshukuru, nikalikunja shati nikaondoka nalo kwapani. Mara ya kwanza maishani, iandike ukutani.

Usiku huo sikulala, nikalikumbuka daftari lako. Lile la jalada jeusi. Kila mteja na ukurasa wake, juu jina, chini bega, kifua, kiuno, mkono. Mwanzoni kabisa kuna kurasa mbili umezibana pamoja kwa pini nne, moja kila pembe. Ikifika siku ya nguo zangu unachomoa pini, unaandika kitu kwa penseli, unabana tena. Nilidhani umeubana kwa sababu ni ukurasa wangu, wa nyumbani, wateja wasiuone. Nilijiona mtu wa maana. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba vipimo vyangu vinalindwa.

Najua palikuwa na mtoto hapo kabla yangu. Hakuna aliyenisimulia. Nilimjua kwa jinsi watu walivyokuwa wananyamaza nikiingia. Kile kiatu kidogo juu ya kabati nilikiona, nikajua si changu, na nikajua kutouliza. Hiyo peke yake ndiyo adabu niliyowahi kuwa nayo, usiniharibie sifa.

Leo nauliza. Ukurasa uliobanwa kwa pini ni wa nani? Na wangu uko wapi?

Usinijibu habari ya umeme.

Mikono


Tarehe 15 Juni

Mikono,

Bibi mzima. Umeme upo. Jirani ameleta gauni jingine. Sina habari nyingine za kutanguliza, ingawa nimezitafuta wiki nne.

Ukurasa ni wa mwanangu. Alipofariki alikuwa na miaka sita. Wewe uliletwa miezi minne baadaye, una miaka mitano. Shule ikafunguliwa, ukahitaji sare. Nilichukua tepu, nikakuita. Ulikuja mbio, ukasimama wima mbele yangu, ukainua mikono bila kuambiwa. Pengine ulikuwa umewaona wateja. Nikashika tepu, nikashindwa. Ningekupima ningelazimika kufungua ukurasa mpya, na nikifungua mpya, ule ungekuwa umekwisha. Nikakwambia nenda kacheze. Nikafungua wake, nikakata.

Mwaka uliofuata nikaongeza nusu inchi begani na mbili urefu, kama ambavyo angekua. Mikono alikuwa nayo mirefu, ya baba yake, kwa hiyo huko nikawa naongeza zaidi. Kila mwaka hivyo. Sijakosea, huyo mama yenu wa miwani anajua kazi. Mwaka huu angekuwa na ishirini na moja. Shati nililokutumia si dogo. Ni lake.

Nilikuona unabanwa. Nina macho. Nilikuona ukiwarushia wenzako mpira kwa mkono wa chini. Nikasema mwaka kesho nitampima. Kila mwaka nilisema mwaka kesho.

Sikuombi radhi, na usiningojee niombe. Hukutembea uchi, hukulala na njaa. Nililea watoto wawili kwa mkono mmoja, na aliyekuwa akila ni mmoja.

Sasa unajua. Hili si lako, ni langu, na sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi anayekaa nami chumba kimoja. Ukilisema mbele ya watu waliokata tiketi, mimi na wewe tumemalizana. Na mimi sitasema nitarudi Ijumaa.

Shangazi


Tarehe 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Bibi nimemtumia dawa ya kuchua, iko kwa dereva, chupa ya kahawia, asiinywe.

Barua yako niliisomea kiwandani, nimekalia kochi la mteja. Nikaisoma mara tatu. Halafu nikachukua sindano nikashona ile kazi iliyokuwa mkononi mpaka mwisho, na nilipoinuka nikakuta nimelishona kochi pamoja na suruali yangu. Mzee Sponji akaja kunikata na mkasi. Akauliza nini kimenipata, nikamwambia mambo ya ukoo, akasema hayo ndiyo yanayopasua suruali.

Nilikasirika. Sitakudanganya kwamba nililia tu kwa huruma, kulia nililia, lakini kwa hasira. Nguo ya kuazima haisitiri matako, ndivyo wanavyosema, na mimi nimeazima miaka kumi na tano bila kujua mwenye nayo. Nimetembea na mwili wa mtu mwingine juu yangu. Nimepigana kuutetea. Nikasema Jumamosi nitapanda pale nitayamwaga yote, kiatu, pini, penseli, na kumalizana tumalizane, mimi kuachwa nina uzoefu nako.

Ijumaa nikaenda ukumbini mapema. Ule mstari wangu wa ukutani nikaufuta kwa mguu. Nikakaa sakafuni na chaki, ile ya kwako ya buluu niliyoiba nikiondoka, sasa umejua ilikokwenda. Mama Miwani akapita, akaniona, akapita tena, hakuniuliza. Nilichora nikafuta, nikachora nikafuta, mpaka suruali ikawa buluu. Mwisho nikauchora ukapita karibu kabisa na kiti changu. Upande wa pili nikaweka kiti kingine, kitupu, nikalitundika shati begani mwa kiti. Nililirudishia mshono kwanza, mgongo wote, kwa mkono. Huwezi kuona palipopasuka, na nakuruhusu ujaribu.

Jumamosi viti vilijaa, na vile nilivyoshona mimi ndivyo vilivyokaliwa kwanza. Nikasema ya baba. Wakacheka palepale wanapochekaga. Nikafika kwenye nguo. Nikawaambia nilivaa mashati yanayobana bega, yenye mikono mirefu, na aliyeyashona hakukosea. Nikalionyesha shati pale kwenye kiti. Nikasema yale yalikuwa na mwenyewe. Mwenyewe simsemi, mstari huo hapo mnauona, mguu wangu haupiti. Nikanyamaza. Shangazi, mimi nilinyamaza, watu mia mbili mashahidi.

Halafu nikawaambia: "Langu mimi ni hili. Nina miaka ishirini, na sijawahi kupimwa na mtu."

Nikatoa tepu mfukoni, nikauliza nani atapanda. Akapanda mzee mmoja muuza magazeti. Nikasimama wima. Akapima, akasoma kwa sauti, nami nikaandika ukutani kwa chaki herufi kubwa. Bega akasema ishirini na mbili, watu wakapiga kelele kwamba huyo ni ng'ombe, akapima upya, ikawa kumi na tisa. Kifua arobaini. Akafika kwenye mkono. Ishirini na tatu.

Mikono yangu mifupi, shangazi. Kwa mwili huu ni mifupi, hata muuza magazeti alishangaa akarudia. Watu wameniita Mikono tangu nina miaka saba, na ile mikono mirefu haikuwa yangu. Nilicheka pale jukwaani peke yangu, halikuwa kwenye mazoezi. Ukumbi mzima ukasubiri nimalize.

Basi hayo ndiyo niliyoyafanya. La kwako sikulisema, hata Mama Miwani hajui. La kwangu nimelisema lote, na nitalisema tena Jumamosi mbili zilizobaki, na nikipata Jumamosi nyingine nitalisema na hiyo. Kutopimwa ni kwangu, si siri uliyonipa niifiche. Ukitaka kumalizana, malizana. Ila ujue umemalizana na mtu aliyeuchunga mpaka wako kuliko alivyouchunga mlango wako yule kaka yako.

Sikualiki. Wewe una sare za shule mbili.

Mimi, mwenye mikono mifupi


Tarehe 20 Julai

Mwenye mikono mifupi,

Marahaba. Bibi hajainywa dawa, ameipaka, anasema inanuka kama wewe ulivyokuwa ukitoka kucheza.

Nina mambo machache ya kazi.

Bega halipimwi kuanzia shingoni. Linapimwa kutoka mfupa hadi mfupa, mtu akiwa ameshusha mikono. Yule bwana wa tarehe 13 mwenye koti la kijivu aliishika tepu kinyume na akakupima umeinama kumwonyesha pa kushika. Alichokisoma ni upuuzi, na wewe ukakiandika ukutani herufi kubwa watu wote wakaona. Nilikaribia kusimama.

Kiti cha safu ya nyuma, cha pili kutoka mlangoni, sponji imejaa vizuri na mshono umerudi nyuma mara mbili. Sikupata la kusema. Kile cha mbele yake kinabonyea upande mmoja, kama ni kazi yako kirudie.

Mgongo wa shati nimeuona nilipopita karibu na jukwaa wakati watu wanatoka. Niliutafuta mpasuko. Sikuuona.

Mstari uliuchora karibu sana na mguu wako. Ukigeuka kulia kisigino kinakuwa juu yake. Hakikupita. Nilikuwa nakitazama muda wote.

Nimekupima kwa jicho nikiwa nimekaa: bega kumi na nane, kifua thelathini na tisa na nusu. Nimeandika. Mkono sikuandika, ulikuwa unaurusha huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki. Ukurasa ni ule unaofuata wa kwake, miaka yote sijauandika mtu. Pini sijazitoa na sitazitoa. Wako hauna pini.

Sehemu ya mkono iko wazi. Ukija usinishukuru na usinichekeshe. Simama tu.

Shangazi


Tarehe 28 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimepimwa upya, mfupa hadi mfupa kama ulivyoagiza, bega ni kumi na nane na nusu. Jicho limeanza kuzeeka, nililitetea bure.

Umekuja, umekata tiketi kwenye ukumbi niliouvalisha viti mimi, umekaa karibu na mlango kama mdaiwa, umeondoka hata salamu hukuacha. Halafu unanilaumu koti la kijivu. Kile kiti kinachobonyea si changu, ni cha Mzee Sponji mwenyewe, na nimemwambia aliyekiona ni nani. Siku ya pili akaenda kukirudia mwenyewe.

Mama Miwani anataka onyesho lizunguke miji mingine, na mji wa kwanza aliousoma kwenye orodha ni wenu. Nimemwambia nitauliza. Siulizi, nakutaarifu. Shati nakuja nalo, lirudi kwa mwenyewe. Kiti kile kitabaki kitupu, kinajulikana bila nguo.

Nafika na lori la tarehe tisa. Andaa tepu, na penseli usiilete, leta kalamu. Nitasimama wima na kuinua mikono bila kuambiwa, kama siku ile.

Kunyamaza sikuahidi.

Mpwa wako, inchi ishirini na tatu